Exploratorium: Makumbusho ya Kushika na Kujaribu

Makumbusho ya Exploratorium yalifunguliwa San Francisco, Marekani, mwaka 1969, katika Palace of Fine Arts, jumba la maonyesho ya dunia ya 1915. Mwanzilishi wake, Frank Oppenheimer, alikuwa mwanafizikia aliyepoteza kazi ya chuo kikuu mwaka 1949 kwa sababu za kisiasa, akafuga ng'ombe Colorado, kisha akafundisha sekondari. Darasani mwake wanafunzi walijifunza kwa kushika vifaa wenyewe. Ndiyo maana vifaa vya Exploratorium havikufungiwa kabatini: hata mtoto mdogo aliruhusiwa kuvigusa, kuvizungusha na kucheza na kivuli chake. Karakana nayo iliachwa wazi, mafundi waonekane wakifanya kazi, uamuzi wa busara kubwa. Oppenheimer alifariki mwaka 1985. Mwaka 2013 makumbusho yalihamia gati namba 15 katika jiji hilohilo.