Historia ya Taa za Krismasi Majumbani Marekani

Desturi ya kupamba nyumba kwa taa za Krismasi ilianzia ndani, kwenye mti. Wajerumani walikuwa na mazoea ya kuuwekea mti huo mishumaa, na wahamiaji wao wakayapeleka Marekani. Mishumaa ilipendeza, ila mti uliokauka hushika moto upesi. Kwa hiyo iliwashwa kwa muda mfupi tu, na ndoo ya maji iliwekwa karibu.

Umeme ulifungua njia nyingine. Desemba 1882, Edward H. Johnson, mshirika wa Thomas Edison katika biashara ya umeme, alisimamisha nyumbani kwake New York mti wenye balbu 80 nyekundu, nyeupe na za buluu. Mti huo ulizunguka kwa nguvu ya umeme huku rangi zikipokezana. Kwa miaka 20 iliyofuata pambo hilo lilibaki anasa ya matajiri, kwa kuwa kila balbu iliungwa kwa mkono na fundi wa kulipwa. Mwaka 1903 zilianza kuuzwa kamba za taa zilizoungwa tayari kiwandani. Seti ya balbu 28 iligharimu dola 12, karibu mshahara wa wiki nzima wa mfanyakazi wa kawaida.

Taa zilitoka nje ya nyumba katika miaka ya 1920. Huko Altadena, California, mierezi iliyopandwa kando ya barabara iliwashwa taa mwaka 1920, na desturi hiyo imedumu. Mwaka 1927 kampuni ya General Electric ilileta balbu kubwa za kutumika nje. Katika seti za awali umeme ulipita balbu moja hadi nyingine, hivyo moja ikiungua kamba yote ilizimika. Katika seti hizi mpya kila balbu ilijitegemea. General Electric na kampuni za umeme za mitaa zilidhamini mashindano ya kupamba nyumba, zikitaka umeme ununuliwe zaidi. Mashindano hayo yalibadili ubunifu: sasa nyumba nzima, yaani paa, mlango, madirisha na bustani, ilipangwa kama pambo moja la kutazamwa na wapita njia.

Ukuaji huo ulikatizwa na Vita vya Pili vya Dunia, na tena mwaka 1973, wakati wa uhaba wa mafuta, Rais Richard Nixon alipowaomba wananchi wapunguze taa za mapambo. Baada ya hapo balbu ndogo za bei nafuu zilienea, na idadi ya taa katika nyumba moja ikapanda kutoka mamia hadi maelfu.

Mfano mmoja mkubwa ulikuwa Little Rock, Arkansas. Jennings Osborne alianza kupamba nyumba yake mwaka 1986 kwa ombi la binti yake, na taa zikafikia mamilioni. Watazamaji waliziba barabara, na majirani wakaenda mahakamani. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Arkansas iliunga mkono amri ya kumzuia. Mwaka uliofuata taa zake zilihamia kwenye bustani ya burudani ya Disney huko Florida, zikaonyeshwa hadi Januari 2016.

Hatua iliyofuata ilikuwa kompyuta. Mwaka 2004 Carson Williams, mhandisi wa Mason, Ohio, alipanga taa 16,000 ziwake na kuzimika kwa mapigo ya muziki. Watazamaji waliusikiliza kupitia redio za magari yao, ili majirani wasisumbuliwe na kelele. Video yake ilisambaa kwenye intaneti mwaka 2005, na wengi wakamwiga.

Teknolojia ya LED iliondoa kikwazo cha umeme. Kamba ya balbu ndogo 100 za zamani ilitumia takribani wati 40; ya LED hutumia wati chache tu. Leo kila taa inaweza kupewa rangi yake kwa programu, na mbunifu huanza kazi kwa kuchora ramani ya nyumba kwenye kompyuta miezi kadhaa kabla ya Desemba. Bei na nguvu za umeme hazimbani tena kama zamani. Mipaka iliyobaki ni usalama wa nyaya, barabara isiyozibwa, na haki ya jirani kulala. Pambo bora ni lile linaloiheshimu yote mitatu.