Shule Jirani na Vipimo Vyake: Kutoka Rangi hadi Alama za Mtihani

Desturi ya kuzilinganisha shule za msingi za serikali zilizo jirani, ili ijulikane ipi inafundisha vizuri zaidi, ni changa nchini Tanzania kuliko shule zenyewe. Enzi ya Waingereza, watoto wa mji mmoja mdogo waligawanywa kwa rangi katika shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na tofauti ya majengo, vifaa na walimu ilijieleza yenyewe bila kuhitaji takwimu. Shule ya Mwisenge mjini Musoma, ambako Julius Nyerere, mwana wa mtemi wa Wazanaki, alianza masomo mwaka 1934, ilikuwa miongoni mwa shule chache za Waafrika katika eneo hilo, na uchache huo ulifanya swali la mzazi liwe kama mtoto atapata nafasi, si shule gani inafaa.

Ubaguzi huo ulifutwa kisheria kuanzia Januari 1962, na Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule za misheni chini ya usimamizi wa serikali. Musoma ikarudi tena katika historia hii mwaka 1974, pale Azimio la Musoma lilipoagiza kila mtoto aliyefikia umri wa kuanza shule aandikishwe ifikapo 1977. Vijiji vikajenga madarasa kwa nguvu zao, na wahitimu wa darasa la saba wakapewa mafunzo wakiwa kazini, wakaitwa walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote.

Shule zilipoenea, mizani ikawa mtihani wa darasa la saba. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, serikali ilianza kutangaza nafasi ya kila shule kitaifa na ndani ya wilaya yake, hivyo shule mbili zinazotenganishwa na bonde moja zikajikuta zikishindanishwa hadharani. Wachumi Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin waligundua kwamba shule zilizoshika mkia wilayani ziliinua ufaulu, lakini pia idadi ya watahiniwa wake ilipungua, kwa wastani wa wanafunzi wawili hivi kwa shule. Jambo hili ni zito, kwa sababu mtoto aliyekosa mtihani hutoweka katika hesabu ileile iliyokusudiwa kumsaidia, ilhali orodha haionyeshi uhaba wa walimu wala wingi wa wanafunzi katika chumba kimoja.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, ingawa matokeo ya kila shule yameendelea kuwekwa wazi, na wazazi wa kijiji kimoja wanaweza bado kuyasoma sambamba na ya kijiji cha pili.