Motokari za Kimarekani Katika Vilima vya Butembo

Vijana wa leo wakiona pikipiki na motokari za Kijapani zilivyojaa Butembo na Beni, hudhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Sivyo. Sisi wazee twakumbuka Chevrolet, Ford na Jeep, nazo zilikuwa na tabia zao kama watu.

Zilifikaje kwetu? Wabelgiji ndio waliotawala Kongo, na General Motors ya Marekani ilikuwa na kiwanda Antwerp, Ubelgiji, tangu miaka ya 1920. Tena usukani wa motokari hizo ulikuwa kushoto, kama ifaavyo katika nchi ambamo magari hupita upande wa kuume.

Hasa twakumbuka lori la Chevrolet la miaka ya 1947 hata 1955. Kuliwasha, dereva alikanyaga kitufe cha chuma sakafuni. Vifagio vya kioo vilivutwa kwa nguvu ya hewa ya injini. Basi lori lilipopanda kilima penye mvua, na dereva akazidi kukanyaga mafuta, vifagio vililegea, pengine vikasimama kabisa! Hapo boi wa dereva alitoa mkono dirishani akapangusa kioo kwa kitambaa.

Kutoka Beni hata Butembo ni kilometa hamsini na zaidi, na Butembo iko juu, kama mita 1,700. Mahali pa juu hivyo maji huchemka kabla ya kufika digrii 95. Kwa hiyo lori halikusafiri bila dumu la maji.

Na injini ikianza kugonga? Fundi hakungoja kipuri cha Ulaya. Alilala chini ya lori, akafungua bakuli la oili. Pale mkono wa pistoni unapofungwa, kiwandani walitia vibati vyembamba kama karatasi. Aliondoa kimoja, akakaza tena, na kugonga kukaisha. Lakini kazi hiyo ilitaka spana za inchi. Spana ya milimeta 13 hupwaya katika nati ya nusu inchi, mwishowe hula pembe zake. Mwenye spana za inchi alizifunga vizuri, wala hakuziazimisha ovyo.

Mwaka 1973 Mobutu aliamuru biashara za wageni zipewe wananchi. Baadaye vipuri viliadimika na barabara zikaharibika. Hapo ndipo thamani ya mafundi ilipoonekana. Lori lililokufa likawa ghala la kuponya mengine, na maharagwe, viazi na vitunguu vya Butembo vikazidi kwenda hata Kisangani.

Hatusifu zamani bure. Malori yale yalikunywa petroli mno, na breki zake zilichoka mteremkoni. Roho za abiria zilikuwa mikononi mwa fundi. Lakini yalifunguka, na mtu mwenye akili aliweza kuelewa kila kilichomo. Kijana alijifunza kwa kushika taa, kuosha vyuma na kusikiliza injini.

Sasa mafundi wale wanatutoka mmoja mmoja, na maarifa yao hayakuandikwa popote. Basi, kijana, kama kwenu yuko mzee wa namna hiyo, chukua daftari ukamwulize angali hai. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa.