Fungu, si Kundi

Usiku wa giza, ukisimama juu ya mawe ya Capri Point, Mwanza, ziwa nalo linawaka kama mji. Ni wavuvi wa dagaa: zamani kwa karabai, siku hizi wengi kwa taa za sola. Utaona taa tano zimekaa pamoja, kumbe mtumbwi mmoja uko karibu na mwingine mbali kabisa, upande wa Ukerewe. Ni jicho lililozipanga.

Kundinyota ndivyo lilivyo. Nyota za Jabari zimeachana kwa mamia ya miaka ya nuru. Umbo lile ni la sisi watazamaji. Ndiyo maana huniuma ninaposoma habari za darubini za angani na kukuta nyota zilizoshikana kweli, kwa uvutano, nazo zimeitwa kundinyota. Neno lake lipo: fungunyota.

Fungu nimelijua sokoni. Fungu la dagaa halifanywi na macho, kuna mkono uliolikusanya. Kilimia, nyota za wakulima zenye jina lililotokana na kulima, ni fungu: nyota zake zilizaliwa pamoja. Yapo na mengine, ya duara, yenye nyota malaki zilizosongamana. Njia Nyeupe, galaksi yetu, inayo kama 150. M87, galaksi kubwa mno iliyo upande wa Mashuke (na hapo kundinyota ni neno sahihi), inayo zaidi ya 10,000. Iko miaka ya nuru milioni 50 na ushee. Hata kwa darubini ya angani ya Hubble, iliyorushwa 1990, kwa umbali huo fungu zima huwa nukta moja.

Lakini nukta ina rangi. Mchuuzi wa soko la Mwaloni, Kirumba, akiona dagaa wanaometa fedha anajua walianikwa kichanjani. Waliofifia na kuwa kahawia walilala mchangani. Wanaastronomia nao husoma hivyo. Mafungu mekundu, wanaona, mengi yalizaliwa na galaksi kubwa yenyewe. Ya buluu mengi yaliletwa na galaksi ndogo zilizomezwa. M87 imekusanya mafungu kama gunia lililojazwa dagaa wa visiwa vingi, na bado unaweza kuuliza kila moja limetoka wapi.

Kuhusu wingi, wapo wanaoandika fungunyota kwa moja na kwa mengi. Mimi naandika mafungunyota, kwa kuwa sokoni mwetu anayetaka manne huomba mafungu manne.