Kuchagua diski ya SSD ya USB kwa nakala za akiba: mwongozo kwa wafanyabiashara na wasafirishaji wa Nakivale na Mbarara

Na Mwandishi Wetu, Mbarara

Zamani duka likivuja, kilicholowa kilikuwa ni daftari la madeni. Mwenye duka alilianika juani na siku ya pili akaendelea kudai. Siku hizi hesabu za maduka mengi ya Nakivale na za wasafirishaji wa Mbarara zimehamia kwenye laptopu na simu, na laptopu ikifa haianikwi. Inaondoka na yote: aliyechukua magunia ya mahindi kwa mkopo kule Juru, aliyelipa nusu Rubondo, picha za hati za mzigo uliopita Mutukula mwezi jana, na risiti ambazo mamlaka ya kodi inaweza kuziulizia miaka mitatu baadaye.

Makala hii inahusu kifaa kimoja: diski ndogo ya nje ya aina ya SSD, ile inayochomekwa kwa USB, na namna ya kuichagua iwe ghala la nakala za akiba. Madukani swali huwa moja tu, "ipi ina tera nyingi kwa bei ndogo?", na swali hilo ndilo linalowaingiza watu hasarani.

KWA NINI UWE NA NAKALA MKONONI

Sheria ya Taratibu za Kodi ya Uganda ya mwaka 2014 inamtaka mlipa kodi kutunza kumbukumbu zake kwa miaka 5. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 nayo inatumia kipindi hichohicho cha miaka 5 kwa vitabu na hati za mizigo. Ni kweli kwamba tangu Januari 2021 ankara za walioandikishwa VAT hupitia mfumo wa EFRIS wa URA, hivyo zipo pia huko serikalini. Lakini EFRIS haijui mapatano yako na mteja wa Goma, wala haina picha ya lakiri ya kontena ulivyoikuta, wala orodha ya madeni. Hayo ni yako peke yako.

Wapo wanaosema wataweka kila kitu mtandaoni. Ni jambo jema, ila lisiwe tegemeo pekee. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, intaneti ya Uganda ilizimwa na haikurudi mpaka tarehe 18. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi wa Tanzania, upande wa pili wa Mutukula nako ilikatwa kwa siku kadhaa. Malori yalikuwa barabarani siku zote hizo. Aliyekuwa na hati kwenye diski alizifungua, na aliyeziweka mtandaoni tu alibaki kungoja. Tena bando si bure: tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12, na kupandisha gigabaiti 100 mtandaoni kwa laini ya simu ni gharama ambayo mwenye duka wa Base Camp ataifikiria mara mbili.

KWA NINI SSD

Diski za zamani za nje zina sahani inayozunguka ndani na kisomeo kinachoelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Ukiidondosha ikiwa inafanya kazi, kisomeo kinagusa sahani na habari imekwisha. Sasa fikiria njia ya kutoka Nakivale, vumbi na mashimo juu ya boda boda mpaka ukutane na lami ya barabara ya Kikagati, ndipo uelekee Mbarara. SSD haina kinachozunguka. Ni chipu tupu, kama zilizomo kwenye simu. Ikianguka mezani, unaiokota na kuendelea. Nyingine ni nyepesi mno: Samsung T7, iliyotoka mwaka 2020, ina gramu 58.

Hata hivyo SSD nayo hufa, na ikifa mara nyingi haitoi onyo la mlio kama sahani. Mwaka 2023 wanunuzi wa baadhi ya diski za SanDisk Extreme, hasa za terabaiti 2 na 4, walilalamika kwamba zilipotea ghafla na kila kilichomo. Kampuni mama wakati huo, Western Digital, ilitoa programu mpya ya ndani ya diski mwezi Mei mwaka huohuo, na mwezi Agosti kesi zikafunguliwa Marekani. Hatulitaji hili ili uogope jina hilo. Tunalitaja ili ujue kwamba jina kubwa halimwondolei mtu haja ya kuwa na diski mbili.

KASI: SOMA TUNDU LA LAPTOPU KABLA YA KUSOMA BOKSI

Boksi litakuambia megabaiti 1,050 kwa sekunde. Kasi hiyo inahitaji laptopu yenye tundu la USB la gigabiti 10. Laptopu nyingi zilizotumika zinazouzwa Mbarara zina tundu la gigabiti 5, ambalo kwa kawaida lina plastiki ya buluu ndani, na hapo utapata kama megabaiti 400. Ukichomeka kwenye tundu la zamani la USB 2, kasi inashuka mpaka kama 35, hata diski iwe ya bei gani. Kwa mzigo wa gigabaiti 100 hesabu ni hii: USB 2 dakika 48 hivi, USB ya gigabiti 5 dakika 4 na kidogo, na ile ya gigabiti 10 chini ya dakika 2. Anayefanya kazi kwa sola na betri iliyobaki robo anaelewa tofauti hiyo bila kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo mwenye laptopu ya gigabiti 5 asilipie diski ya megabaiti 2,000. Hiyo inataka tundu la gigabiti 20 ambalo laptopu nyingi hazina. Fedha hiyo ni heri ikaongeze diski ya pili.

Waya pia huchelewesha. Waya wa kuchajia simu mara nyingi hupitisha data kwa kasi ya USB 2 tu, na mwingine haupitishi data kabisa. Tumia uliokuja na diski, uufunge nayo kwa mpira, usimwazime mtu.

Kuna jambo jingine ambalo boksi halisemi. Diski za bei nafuu zenye chipu za aina ya QLC hukimbia mwanzoni, kisha sehemu yao ya haraka ikijaa, kasi inaanguka hata chini ya megabaiti 150 kwa sekunde. Kwa mwenye duka anayenakili gigabaiti 5 kila jioni hilo si tatizo, hataligundua. Kwa msafirishaji anayemwaga video za kamera za malori manne kwa mpigo ni tatizo kubwa, na huyo atafute diski yenye chipu za TLC. Na ukiwa na maelfu ya picha ndogondogo, zikusanye kwanza kuwa faili moja la zipu, kwa sababu faili ndogo nyingi huchosha diski yoyote.

UKUBWA GANI UNATOSHA?

Fanya hesabu yako, usifanyiwe na muuzaji. Ukurasa mmoja uliopigwa skana kwa rangi ya kijivu ni kama nusu megabaiti. Kurasa 40 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni gigabaiti 6. Miaka 5 ni 30. Picha za simu ni nzito zaidi: picha 50 kwa siku za megabaiti 4 kila moja zinafika gigabaiti 60 kwa mwaka, yaani 300 kwa miaka mitano. Basi mwenye duka au wakala mdogo anatoshwa na gigabaiti 500, na anayetaka kulala bila wasiwasi achukue terabaiti 1.

Kinachokula nafasi ni video. Kamera ya kioo cha mbele ya lori hula kama gigabaiti 6 kwa saa. Dereva akiendesha saa 8 kwa siku kutoka Mombasa mpaka Mbarara kwa siku tatu, hizo ni karibu 150 kwa safari moja. Usizihifadhi zote. Weka za safari zenye ajali, wizi au ubishi wa mzigo, nyingine zifute baada ya mzigo kupokelewa na karatasi kusainiwa.

DISKI BANDIA

Hapa tukae kidogo. Diski za "terabaiti 16" au "30" zinazouzwa kwa bei ya kuku wawili ni uongo mtupu. Diski za mkononi za kampuni zinazojulikana kwa kawaida hazizidi terabaiti 8, na hizo ni ghali mno. Ndani ya boksi la uongo mna memori kadi ya kawaida iliyobandikwa gundi, na programu yake ya ndani imechezewa ili kompyuta ione ukubwa ambao haupo. Ubaya wake ni kwamba inapokea faili bila kulalamika. Majina ya faili yanaonekana, ukubwa unaonekana, ila nafasi ya kweli ikishajaa yanayofuata yanaandikwa juu ya yaliyotangulia. Unagundua siku unayohitaji hati.

Mimi mwenyewe nilinunua moja hapa Mbarara, imeandikwa terabaiti 2, muuzaji akanihakikishia kwamba ni mali halisi kutoka Dubai. Nilipoipima ilikuwa na gigabaiti 60 na ushei. Bahati nzuri nilikuwa sijaweka kitu. Fedha sikurudishiwa, maana sikuwa na risiti.

Kipimo ni rahisi. Kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw, kwenye Linux kuna F3. Zote mbili hujaza diski mpaka mwisho kisha huyasoma yaliyoandikwa na kulinganisha. Diski ya kweli ya terabaiti 1 kwenye tundu la buluu itamaliza kwa saa moja na nusu hivi. Kwenye USB 2 jiandae kukesha. Ipime ikiwa tupu, kabla hujaweka faili hata moja, na kabla siku za kurudisha hazijaisha. Dalili nyingine ni kasi: kinachojiita SSD kikiandika kwa megabaiti 20 kwenye tundu la buluu, kina jambo.

Nunua dukani penye risiti yenye namba ya diski. Kampuni kubwa hutoa dhamana ya miaka 3 au 5 kutegemea modeli, lakini dhamana hulipa diski, hailipi hesabu zako. Bei hatuiandiki kwa sababu inabadilika kila wiki, na tangu mwisho wa 2025 chipu za kumbukumbu zimepanda duniani kote. Linganisha bei za maduka matatu. Lile la nne lililo nusu ya hayo matatu liache.

MPANGILIO NA KUFULI

Ikiwa utaitumia kwenye laptopu ya Windows na pia kwenye simu, ipangwe kwa exFAT. Baadhi ya simu za bei ndogo husoma FAT32 pekee, na hiyo haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Ijaribu kwa simu yako papo hapo dukani. exFAT ina udhaifu mmoja: ukichomoa bila kuagana na kompyuta, au umeme ukikatika kati, orodha ya faili inaweza kuharibika. Nakili ukiwa kwenye laptopu yenye betri, si kompyuta ya mezani isiyo na UPS.

Kufuli si anasa. Diski yako ina picha za vitambulisho vya wateja, namba zao za pesa za simu, na majina ya watu ambao baadhi yao walikimbia nchi zao na hawataki kujulikana walipo. Nakivale inapokea wakimbizi tangu 1958, na leo wamo watu wa Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na Ethiopia. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayekusanya habari hizo azilinde. Windows ya Pro ina BitLocker. Windows ya Home inaweza kufungua diski iliyofungwa kwa BitLocker lakini haiwezi kuifunga yenyewe. VeraCrypt ni ya bure. Samsung T7 ina kufuli yake ndani. Nenosiri liandike kwenye karatasi na ulimpe mtu mmoja unayemwamini, maana ukilisahau hakuna fundi wa kulirudisha.

MATUMIZI YA KILA SIKU

Nunua mbili ndogo badala ya moja kubwa. Moja ikae dukani Nakivale, nyingine Mbarara kwa ndugu au mshirika, na siku ya kufuata bidhaa mjini uzibadilishane. Moto au mwizi wa duka moja hatachukua zote. Ukimaliza kunakili ichomoe. Virusi vinavyofunga faili na kudai fidia hufunga pia diski iliyobaki imechomekwa.

Madereva wasiiache juu ya dashibodi. Kila diski ina kikomo cha joto ambacho imetengenezwa kufanya kazi nacho, na dashibodi ya lori lililoegeshwa juani foleni ya mpakani inapita hapo. Vumbi haliingii ndani kwa urahisi, lakini linaziba tundu. Modeli zenye alama ya IP65 zinalivumilia pamoja na maji ya mvua.

Usiifungie sandukuni miaka mitano ukidhani imetulia. Chipu hushika habari kwa chaji ya umeme, na kiwango cha sekta kwa SSD za kawaida ni kwamba diski iliyokwisha kutumika kufikia kikomo chake ishike habari mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi 30. Mpya hushika zaidi, ila ichomeke kila baada ya miezi michache. Siku hiyohiyo chagua hati tatu za miezi tofauti, uzifungue kwa laptopu ya mtu mwingine, usome namba ya gari na tarehe. Zikifunguka, irudishe kwenye mfuko wake na waya wake.