Dole Gumba na Mcharazo: Gitaa Kavu Kati ya Mpanda na Katanga

Mtu akisimama Sitalike, pale Mto Katuma unapopita ukingoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi na viboko wanapobanana kwenye madimbwi wakati wa kiangazi, yuko mbali na studio zote za muziki zinazotajwa redioni. Dar es Salaam yenyewe ni safari ndefu. Nashville ndiyo usiseme. Lakini upande wa magharibi, ukishamaliza misitu ya miombo na kuteremka Karema, liko Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake ni Kongo, nchi iliyowafundisha wengi wa Afrika Mashariki kushika gitaa. Kijana wa huku anayetaka kujifunza kucharaza kwa mtindo wa kantri, muziki wa akina Jim Reeves, Dolly Parton na Don Williams, hudhani anajifunza jambo geni kabisa. Mapigo yale yalikwisha kufika ukanda huu wa ziwa zamani, yakaimbwa kwa Kiswahili, na walioyaleta wana majina na miaka yao.

Tuanze na mkono wa kulia, maana siri ya kantri iko huko. Vidole vya kushoto vinaweza kujua kodi tatu tu, G, C na D, na wimbo ukaenda. Mkono wa kulia ndio wenye kazi mbili kwa mpigo. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Kwenye moja, dole gumba linagonga uzi mnene peke yake. Kwenye mbili, vidole vinacharaza nyuzi nyembamba kwa pamoja, kwa ufupi, bila kuziburuza. Kwenye tatu gumba linarudi, lakini sasa linagonga uzi mwingine wa besi. Kwenye nne, mcharazo tena. Ukishika G, gumba linaanza uzi wa sita kisha linakwenda wa nne. Ukishika D, linaanza wa nne, kisha wa tano. Kubadilishana huko kwa besi ndiko kunakoufanya wimbo wa kantri utembee. Mtu mmoja mwenye gitaa moja anakuwa mpiga besi, mpiga ngoma na mwimbaji kwa wakati mmoja.

Mtindo huo haukubuniwa na mtu mmoja, ila kuna kipindi ambacho watafiti wa muziki hawaachi kukitaja. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 1927, Ralph Peer wa kampuni ya Victor alifunga mitambo ya kurekodia katika mji wa Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia. Ndani ya siku chache alirekodi watu wawili waliobadili historia. Mmoja alikuwa Maybelle Carter, binti wa miaka 18, aliyepiga melodia kwa dole gumba kwenye nyuzi nene huku kidole cha shahada kikifagia nyuzi nyembamba. Mwingine alikuwa Jimmie Rodgers, aliyewahi kufanya kazi kwenye reli za Mississippi na kuokota nyimbo nyingi kwa vibarua Weusi aliofanya nao kazi. Familia ya Carter nayo, baada ya rekodi hizo za kwanza, ilijifunza mengi kwa Lesley Riddle, mpiga gitaa Mweusi wa North Carolina aliyekuwa akisafiri na A. P. Carter kutafuta nyimbo vijijini. Haya hayana budi kusemwa waziwazi, kwa sababu kantri imezoeleka kuitwa muziki wa Wazungu, na jina hilo linamfuta Riddle na wenzake.

Rodgers alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1933, akiwa na umri wa miaka 35. Sahani zake za santuri hazikufa naye. Zilivuka bahari na kufika hata vijijini Kenya, na ushahidi upo: mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alifika Kapkatet kwa Wakipsigis akawakuta wasichana wakiimba wimbo uitwao "Chemirocha". Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, lililopita kwenye ndimi za Wakipsigis. Walikuwa wamemsikia kwenye gramafoni, na katika wimbo wakamfanya kiumbe nusu mtu, nusu swala.

Tracey huyohuyo ndiye aliyetufungulia mlango wa Katanga. Mwaka 1952, katika mji wa migodi wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, alimrekodi kijana wa miaka ipatayo 22 aitwaye Jean-Bosco Mwenda. Wimbo ulikuwa "Masanga". Anayeusikiliza kwa mara ya kwanza hudhani magitaa ni mawili. Kumbe ni moja, na mkono wa kulia unatumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba linashikilia besi inayotembea, kidole cha pili kinachezea juu. Mwenda hakumwiga Maybelle Carter. Katanga ilikuwa na vyanzo vingi, zikiwemo santuri za Kikyuba na za Kimarekani na nyimbo za gitaa za kusini mwa Afrika kama zile za George Sibanda wa Bulawayo, na Mwenda mwenyewe alikuwa na kipaji kisichohitaji kuazima. Lakini tatizo alilolitatua ni lilelile la Bristol: mtu mmoja, gitaa moja, na watu wanaotaka kusikia bendi nzima.

Kwa msomaji wa magharibi mwa Tanzania kuna jambo zaidi. Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, na baadaye alijulikana kama Mwenda wa Bayeke. Bunkeya ulikuwa mji mkuu wa Msiri, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Unyamwezi na Usumbwa katika karne ya 19 pamoja na watu wake, akavuka kwenda Katanga na kujijengea himaya, hadi alipouawa Desemba 1891 na msafara uliokuwa ukimtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wayeke (Bayeke) ni kizazi cha wasafiri hao. Kwa hiyo mpiga gitaa kavu (lisilo la umeme) mashuhuri kuliko wote wa Kongo alikuwa wa jamii iliyotoka huku kwetu, akaimba kwa Kiswahili, na nyimbo zake zikarudi mashariki kwa redio na sahani. Mimi siwezi kulisoma jambo hilo nikalipita kimya.

Naye hakukaa Katanga tu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Nairobi, akapiga matangazo ya redio ya dawa ya Aspro. Edouard Masengo, mwanamuziki mwenzake wa Katanga, naye alipata jina Kenya. Wapigaji wa huko walikuwa tayari na mtindo wao: George Mukabi wa magharibi mwa Kenya, aliyefariki 1963, alikuwa akipiga omutibo, mtindo wa gumba na kidole, na chupa ya soda ikikwaruzwa pembeni kuweka mapigo. Tanganyika tulikuwa na Frank Humplick wa Kilimanjaro na dada zake, gitaa kavu na sauti tatu, nyimbo ambazo wazee wengi bado wanazo kichwani.

Mpanda yenyewe ilikuwa mji wa aina ileile iliyolea gitaa kwingineko, yaani mji wa mgodi na reli. Tawi la reli kutoka Kaliua lilifika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Uruwira Minerals huko Mukwamba. Vibarua wa makabila mbalimbali, mshahara wa mwezi, jioni ndefu mbali na nyumbani: ndiyo hali iliyompa Rodgers nyimbo zake na Katanga wapigaji wake.

Kisha yakaja magitaa ya umeme. Kuanzia miaka ya 1960 bendi zetu ziligawana kazi: mmoja solo, mmoja ridhimu, mmoja besi, na mpiga ngoma nyuma. Ulikuwa muziki mtamu, na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz hana wa kumfikia. Lakini dole gumba lilipoteza kazi. Besi imeshapata mwenyewe, ngoma imeshapata mwenyewe, mkono wa kulia wa mpiga ridhimu umebaki kupanda na kushuka. Wanafunzi wa leo wa gitaa, wa kanisani na wa mtaani, wengi wao hufundishwa kupanda na kushuka huko tu. Hapo ndipo naona faida ya kantri kwa mpigaji wa Sitalike: inamdai alirudishe gumba lake kazini.

Mapenzi ya muziki huo hayakukatika. Jim Reeves alizuru Afrika Kusini mwaka 1962 pamoja na Chet Atkins, akarudi 1963 kucheza filamu huko, na alipokufa katika ajali ya ndege Julai 1964 alililiwa pia barani Afrika. Don Williams alipiga Harare mwaka 1997. Kenya leo ina Sir Elvis, anayejaza kumbi kwa kantri tupu.

Anayeanza asikimbilie kasi. Ashike G peke yake, agonge uzi wa sita, acharaze, agonge wa nne, acharaze, mpaka gumba liupate uzi bila jicho kulisindikiza. Ndipo aongeze C, ambako gumba linaanza uzi wa tano na kuhamia wa sita kwenye kitasa (fret) cha tatu. Kidole cha pete kitalazimika kuhama, na hapo wengi hukwama. Wimbo wa mapigo matatu ni besi moja na micharazo miwili. Kama sauti ya mwimbaji iko juu kuliko kodi hizo, penseli iliyofungwa kwa mpira shingoni mwa gitaa itatosha badala ya kapo (kibanio cha nyuzi) ya dukani. Daraja la mwisho ni kuunganisha: ukitoka G kwenda C, usiruke. Gonga uzi wa tano mtupu, kisha uzi huohuo kwenye kitasa cha pili, halafu ukanyage C kwenye kitasa cha tatu, kwenye moja, bila kuchelewa. Akiziweza noti hizo tatu kwa mwendo mmoja, atafute "Masanga", asikilize gumba la Mwenda linavyofanya.