Nyota Isiyo na Jina

Katika familia nyingi za Tanzania alikuwemo mzee aliyeitwa askari wa Keya. Keya ni KAR, yaani King's African Rifles, jeshi ambalo Waingereza waliliunda mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vyao vya Afrika Mashariki na Nyasa. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alitoka kijiji kimoja magharibi mwa Tabora, akaingia jeshini akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akavushwa bahari kwenda kupigana na Wajapani huko Burma, nchi ambayo yeye na wenzake waliiita Bama. Wazee hao sasa wamekwisha kutuacha karibu wote, ndiyo maana nimeona niandike habari zake kabla nasi hatujazisahau.

Babu alikuwa na nishani aliyoipenda kuliko kitu chochote nyumbani mwake: nyota ya shaba yenye ncha sita, iliyoning'inia kwenye utepe wa rangi nyekundu, buluu na machungwa. Siku ya sikukuu aliniita, "Mke wangu, lete majivu na limao." Hivyo ndivyo babu anavyomtania mjukuu wa kike, na bibi naye akijibu kwamba mke mwenza huyo hajui hata kusonga ugali. Nikaisugua nyota hadi ing'ae. Mbele ilikuwa na taji na herufi za Mfalme George wa Sita. Nilipojua kusoma niliigeuza nikatafuta jina la babu. Nyuma palikuwa patupu.

Baadaye nilielewa sababu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walichapa jina na namba ya askari kwenye ukingo wa nishani zake za vita. Katika Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza iliamua kutochapa majina kwenye nyota hizo, hata za askari wake wenyewe. Australia na Afrika Kusini zilichapa majina ya watu wao. Sisi hatukuwa na serikali yetu ya kutuchapia. Kwa hiyo nyota ya babu ilikuwa na jina la mfalme, lakini ya kwake haikusema lolote. Yeyote angeweza kuiokota na kudai ni yake.

Alichokifanya kuipata si kidogo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilifanya mazoezi Ceylon, nchi inayoitwa leo Sri Lanka, na kuvuka kwenda huko kwenyewe kulikuwa hatari. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani ikazama katika dakika mbili hivi. Walikufa watu wapatao 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Babu alikuwa amekwisha kuvuka. Kila alipoitaja meli ile alivua kofia.

Katikati ya mwaka 1944 divisheni ilipelekwa mpakani mwa India na Burma, ikateremka bonde la Kabaw katika msimu wa mvua. Majenerali wengi waliamini kwamba katika mvua zile hakuna jeshi linaloweza kusonga mbele. Barabara ziligeuka uji wa tope, malori yakazama hadi kwenye mihimili, chakula na risasi vikadondoshwa kwa miamvuli kutoka kwenye ndege. Malaria ilikuwa adui sawa na Mjapani. Babu alikumbuka vidonge vya manjano, vichungu, vilivyoigeuza ngozi rangi. Sajenti alisimama mbele yao kuhakikisha kila mmoja amemeza. Mapema Desemba waliingia Kalewa, kwenye mto Chindwin. Hapo wahandisi wa jeshi walitandika daraja la chuma la mita 350 hivi, lililokuwa refu kuliko yote ya aina yake wakati ule. Kwa njia hiyo Jeshi la 14 la Jenerali Slim lilifunguliwa mlango wa kuingia Burma ya kati.

Vita vilipokwisha, askari walipewa kiinua mgongo. Nyaraka zilizoandikwa na vyombo vya habari mwaka 2019 zilionyesha kwamba kiwango kilipangwa kwa rangi ya ngozi: askari mweusi alipata kama theluthi moja tu ya alichopata mzungu wa cheo kilekile kutoka makoloni hayohayo ya Afrika. Babu hakuwahi kuziona nyaraka hizo, lakini jambo lenyewe alilijua. "Risasi haikuuliza rangi," alikuwa akisema, "mhasibu ndiye aliyeuliza." Kisha akabadilisha mazungumzo.

Aliporudi aliendesha trekta katika mpango wa karanga huko Urambo, ule ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Baada ya hapo akabaki na jembe lake na mizinga yake ya nyuki.

Tarehe 9 Desemba 1961, siku ya Uhuru, babu alivaa koti na kuibandika nyota kifuani. Mama anasimulia kwamba vijana walimkasirikia. Walimwuliza kwa nini anavaa pambo la mfalme siku bendera ya wakoloni inaposhushwa. Akawajibu bila kupaza sauti: "Bendera ni yao. Miguu iliyotembea Bama ni yangu." Akaenda uwanjani nayo, akacheza ngoma na watu wote hadi usiku.

Nadhani hapo ndipo ilipo heshima ya wazee wale. Wako wanaosema walidanganywa, wakapigania uhuru wa wengine huku wao wenyewe wakitawaliwa, na neno hilo ni kweli. Lakini babu hakujivunia mfalme. Alijivunia kwamba alitumwa mahali pagumu pamoja na wenzake, hakuwakimbia, akarudi.

Alipofariki mwaka 1986, alipita mnunuzi wa vitu vya kale akataka kuinunua nyota. Fedha aliyotaja ingelipa karo za wajukuu. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Baba, homa ya mume wangu haiuzwi," akamkaribisha uji.

Karibu na Yangon, katika makaburi ya Taukkyan, uko mnara wenye majina karibu 27,000 ya askari waliokufa Burma bila kujulikana walikozikwa, Waafrika wakiwemo. Waliokufa waliandikwa kwenye jiwe. Waliorudi hai, kama babu, waliachiwa familia zao kazi ya kuwaandika. Wajomba zangu walilifanya hilo kwa saruji mbichi na ncha ya msumari: jina lake kamili, mwaka aliofariki, na chini yake maneno mawili, Askari, Bama. Kila mwaka kabla ya mvua tunakwenda kufyeka majani na kuyachonga upya yale yaliyofifia.